Led Zeppelin III: Albamu ya gitaa kavu iliyowagawanya wapenzi wa roki

LED Zeppelin III ni albamu ya tatu ya bendi ya Led Zeppelin ya Uingereza. Ilitolewa Oktoba 1970, wakati ambapo bendi hiyo ilikuwa tayari imejijengea jina kwa roki yenye mizizi katika bluzi, iliyotawaliwa na kishindo cha ngoma na gitaa la umeme.

Mapema mwaka huo, baada ya kuchoshwa na ziara za mfululizo, mpiga gitaa Jimmy Page na mwimbaji Robert Plant walienda kupumzika Bron-Yr-Aur, nyumba ya mashambani nchini Wales isiyokuwa na umeme wala maji ya mfereji. Huko walitunga kwa gitaa kavu, na baadhi ya tungo hizo zikaingia katika albamu.

Upande wa kwanza wa santuri haukuwaacha mbali mashabiki wa awali. Unafunguliwa kwa kishindo na "Immigrant Song", uliotokana na ziara ya bendi nchini Iceland mnamo Juni 1970. Upo pia "Since I've Been Loving You", wimbo wa bluzi wa mwendo wa polepole.

Mabadiliko yanadhihirika zaidi katika upande wa pili. "Gallows Pole" ni wimbo wa kale wa mapokeo uliopangwa upya, ambapo Page anapiga banjo naye John Paul Jones mandolini. "That's the Way" nao ni mpole na wenye huzuni.

Albamu hiyo iliongoza katika chati za Uingereza na Marekani. Hata hivyo, baadhi ya wahakiki waliishutumu bendi kwa kuiga kundi la Crosby, Stills & Nash. Shutuma hizo zilipuuza ukweli kwamba albamu yao ya kwanza, ya 1969, tayari ilikuwa na nyimbo za gitaa kavu.

Page aliudhika. Albamu ya nne ilipotoka Novemba 1971, haikupewa jina, wala jalada lake halikutaja bendi. Hata hivyo, njia iliyofunguliwa na albamu ya tatu haikuachwa: "Stairway to Heaven", wimbo uliovuma kuliko zote za bendi hiyo, unaanza taratibu kwa gitaa kavu.