Plastiki angavu mbele ya gari: inazuia nini, na nini haiwezi kuzuia

Dereva yeyote anayepita kati ya Itigi, Tabora, Urambo na Kaliua anaijua sauti hii: lori limepita kwa kasi, kokoto imeruka, na boneti imelia "ta!" Ukiosha gari jioni unakuta alama ndogo kama punje ya mtama. Ukiiacha, baada ya msimu mmoja au miwili ya mvua alama hiyo huweza kugeuka kahawia. Hiyo ni kutu.

Katika miji mikubwa wapo mafundi wanaobandika plastiki angavu mbele ya gari ili kuzuia alama hizo. Wengi wao huiita PPF. Kazi hiyo si ya bei rahisi, na wauzaji wengine huisifu kupita kiasi. Katika makala haya tunaeleza inavyofanya kazi, nani anaihitaji, na la kufanya kama fedha haitoshi.

Kokoto inapata wapi nguvu?

Njia hii ni ya zamani. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na mizigo ilikuwa juu ya mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Kwa mwendo wa miguu, jiwe hubaki lilipo. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na baadaye barabara ikaleta magari. Siku hizi barabara kuu nyingi zina lami, lakini ukikunja kwenda kijijini, au kwenye maghala ya tumbaku, unarudi kwenye changarawe na vumbi jekundu.

Kinachoipa kokoto nguvu ni mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara nne. Kwa hiyo kokoto inayokupata ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa hupiga kwa nguvu mara nne ya ile inayokupata ukiwa kwenye 40. Na ikiwa imerushwa na gari linalokuja mbele yako, mwendo wake hujumlishwa na wako.

Rangi inayopokea pigo hilo ni nyembamba mno. Gari linapotoka kiwandani huwa na praima, juu yake rangi yenyewe, kisha klia, yaani vanishi inayong'aa. Vyote kwa pamoja huwa na unene wa kati ya milimita 0.1 na 0.15 hivi. Kokoto ikivunja tabaka zote, bati hubaki wazi kwa maji. Bampa za magari mengi ya sasa ni za plastiki, hizo hazishiki kutu. Sehemu ya kuangalia zaidi ni boneti, fenda na ukingo wa bati juu ya kioo cha mbele.

Plastiki hii ni ya namna gani?

Asili yake ni jeshi la Marekani. Wakati wa vita vya Vietnam, mchanga na vipande vya mawe vilikuwa vikila mapanga ya helikopta, ikatafutwa plastiki ngumu inayonyumbulika ya kuyafunika. Baadaye ikahamia kwenye magari ya mashindano, kisha kwenye magari ya kawaida.

Plastiki nzuri hutengenezwa kwa poliyurithani. Unene wake ni milimita 0.15 hadi 0.2 hivi, yaani inaweza kuwa nene kuliko tabaka zote za rangi iliyo chini yake. Kokoto ikigonga, plastiki hubonyea kidogo na kusambaza pigo, kisha hurudi mahali pake. Nyingi zina tabaka la juu ambalo mikwaruzo midogo, kama ya kitambaa chenye vumbi, hujifuta likipata joto la jua au maji ya moto. Mkwaruzo mkubwa wa msumari au mti haujifuti.

Husaidia pia dhidi ya wadudu. Anayesafiri usiku katika misitu ya miombo hufika na boneti imejaa wadudu waliopondeka. Majimaji yao yakikaushwa na jua huacha madoa kwenye rangi. Juu ya plastiki huweza kuoshwa kabla hayajafika kwenye klia.

Isichoweza kufanya

Haizuii jiwe kubwa wala haizuii bati kubonyea. Haiondoi kutu. Ukibandika juu ya kutu, utakuwa umeificha tu na itaendelea chini kwa chini. Aina hii haibandikwi kwenye kioo cha mbele, kwa hiyo kioo bado kinaweza kupasuka.

Jambo kubwa zaidi ni hili: plastiki hushika vizuri pale tu rangi yenyewe inaposhika vizuri. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani, na baadhi yamepigwa rangi upya mbele. Kama rangi hiyo ilipigwa juu ya vumbi au bila praima nzuri, siku ya kuondoa plastiki itang'oka nayo. Rangi mpya ya gereji nayo huhitaji kukauka kabisa kabla ya kubandikwa, mara nyingi mwezi mzima au zaidi. Fundi anayetaka kupiga rangi leo na kubandika kesho, mwache.

Kabla hujalipa

Kwanza, uliza ni poliyurithani au PVC. PVC ni jamii moja na plastiki ya mabomba ya maji. Ni rahisi zaidi, lakini juani huwahi kuwa ya njano, kukakamaa na kupasuka. Omba kipande ukivute: poliyurithani huvutika kama mpira na kurudi.

Pili, omba dhamana ya maandishi inayosema muda na kinachofidiwa.

Tatu, angalia mahali pa kazi. Plastiki hubandikwa kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha maji husukumwa nje kwa kibao laini. Punje moja ya vumbi ikibaki chini huonekana kama kipele. Kazi hii haifanyiki chini ya mwembe kando ya barabara, hasa miezi ya kiangazi. Inataka chumba kilichofungwa, kilichooshwa.

Nne, uliza bei mbili: ya kubandika na ya kupiga rangi boneti upya. Kama gari ni la zamani na lina alama tele, huenda fedha hiyo ikafaa zaidi kwenye matairi na breki. Plastiki humfaa zaidi mwenye rangi nzima, anayepita changarawe mara kwa mara na anayetaka kuliuza gari baadaye kwa bei nzuri.

Kama fedha haitoshi

Kinga ya kwanza haina bei: punguza mwendo unapopishana na lori, na usilifuate kwa karibu. Hakikisha mipira ya kuzuia tope nyuma ya magurudumu ipo, maana inamlinda anayekufuata.

Alama ikitokea, ishughulikie mapema. Osha, kausha, sugua kutu kwa msasa laini, weka praima kwa brashi ndogo, kisha rangi, kisha klia. Toyota nyingi kutoka Japani zina kibati chenye namba ya rangi, ama kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango. Mpelekee muuza rangi namba hiyo asije akakisia.

Usifute vumbi jekundu kwa kitambaa kikavu; mwagia maji kwanza.

Usitumie selotepu wala nailoni ya kufunikia madaftari. Gundi yake huungua juani, na ukiivuta huacha uchafu au hutoka na rangi. Hili linawahusu pia wenye bodaboda, ambao tangi la pikipiki zao huchubuliwa na magoti, mkanda na mizigo. Kipande kidogo cha poliyurithani kinatosha tangi zima.

Siku ya kuondoa plastiki, ipashe joto kwanza, kisha ivute polepole ukiilaza karibu na bati. Ukiivuta kwa nguvu ikiwa baridi, unaweza kuondoka na rangi uliyokuwa ukiilinda miaka yote.