Paka na mbwa wasio na wenyewe: Juhudi za kufunga kizazi visiwani

KATIKA mji wa kale wa Lamu, ambako vichochoro havipitishi gari na mizigo hubebwa na punda, paka ni wakazi wa tangu jadi. Alfajiri huonekana karibu na gati wakingoja utumbo wa samaki, mchana hujinyoosha barazani, na jioni huzingira mabucha na soko lililo mbele ya ngome. Wengi wao hawana mwenyewe. Ni wa mtaa mzima, na kwa sababu hiyo aghalabu hakuna anayewajibika wanapougua au kuzaa.

Hali hii haiko Lamu pekee. Inashuhudiwa pia Unguja, katika visiwa vya Ugiriki na kisiwani Bali nchini Indonesia. Katika sehemu hizo, watu wa kujitolea, wenyeji kwa wageni, wamejitwika jukumu la kuwaokoa wanyama hao na kuwafunga kizazi kwa msaada wa madaktari wa mifugo.

Paka na mbwa katika maisha ya mwambao

Kwa karne nyingi paka walisafiri katika majahazi ili kulinda shehena dhidi ya panya. Methali isemayo kwamba paka akiondoka panya hutawala ina maana ya wazi katika mji wa maghala ya nafaka na mapaa ya makuti.

Dini nayo ina nafasi yake. Waislamu wengi wa mwambao hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu paka kuwa tohara lakini mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ndiyo sababu mbwa huwa nadra katika nyumba za mji wa kale. Hata hivyo, Waislamu wanaijua hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumteka maji mbwa mwenye kiu, na ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Unajisi wa mnyama, kwa hivyo, si ruhusa ya kumtesa.

Sheria ya Kenya pia, kupitia Sura ya 360, hukataza ukatili dhidi ya wanyama.

Jinsi idadi inavyoongezeka

Paka jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi mitano au hata chini ya hapo. Mimba huchukua takriban majuma tisa, na mara nyingi huzaa watoto wanne hivi. Anaweza kushika mimba nyingine angali ananyonyesha. Akizaa mara mbili tu kwa mwaka, atakuwa ameleta paka wanane.

Kisiwani chakula kina kikomo. Wengi wa watoto hao hufa kwa njaa, mafua na maradhi ya macho kabla ya kukua. Wanaosalia hugombania jaa, hupigana usiku na kuambukizana magonjwa.

Kazi inavyofanywa

Wahudumu huweka mitego ya kisanduku yenye samaki ndani, hasa jioni. Paka akishanaswa hufunikwa kwa kitambaa ili atulie, kisha hupelekwa kwa daktari na kudungwa sindano ya usingizi. Dume huondolewa korodani, upasuaji wa dakika chache tu. Jike huondolewa ovari, na mara nyingi mfuko wa uzazi pia, nao huhitaji muda mrefu zaidi. Wakati huo huo mnyama huchanjwa na kutibiwa vidonda.

Kabla hajazinduka, ncha ya sikio lake moja hukatwa. Alama hiyo huonekana kwa mbali na humwepusha kunaswa na kupasuliwa tena. Akishapata nafuu hurudishwa pale pale alipochukuliwa, kwani paka hulinda himaya yake. Akiondolewa kabisa, wengine ambao hawajafungwa kizazi huja kuchukua nafasi hiyo na kuzaana.

Kuua si dawa

Mamlaka nyingi zimewahi kutumia sumu na risasi. Kisiwani Flores, Indonesia, kichaa cha mbwa kiliingia mwaka 1997 kupitia mbwa waliosafirishwa kwa mashua. Mbwa wengi mno waliuawa, lakini ugonjwa haukutoweka. Bali ilipovamiwa na ugonjwa huo mwaka 2008, mbwa waliuawa vile vile. Nafuu ilianza kuonekana baada ya kampeni ya chanjo ya kisiwa kizima iliyoanza mwaka 2010.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), takriban watu 59,000 hufa kila mwaka kutokana na kichaa cha mbwa, na karibu wote huwa wameambukizwa na mbwa. Kuchanja asilimia 70 ya mbwa hutosha kukata maambukizi. Kufunga kizazi husaidia kwa sababu mbwa waliochanjwa hawazidiwi haraka na watoto wasio na kinga. Mtu aliyeumwa hana budi kuosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na kwenda hospitalini mara moja kupata chanjo.

Changamoto

Bahari ni ngao, lakini si ukuta. Kisiwa cha Pemba kilikuwa kimeukomesha ugonjwa huo kufikia mwaka 2014, ukarejea mwaka 2016, na ikabidi chanjo zirudiwe.

Isitoshe, upasuaji wa wanyama wachache hauleti tofauti. Sharti majike wengi wa eneo moja wafikiwe kwa kipindi kifupi, la sivyo waliobaki hufidia pengo. Jambo hilo huhitaji dawa, fedha na madaktari waliosajiliwa, ilhali makundi mengi hutegemea michango, na watu wa kujitolea huja na kuondoka. Kazi ikisimama kwa miaka michache tu, faida iliyopatikana hupotea.

Ndiyo maana msaada wa wenyeji ni muhimu kuliko mitego: mwenye bucha anayejua paka yupi ana mimba, mvuvi asiyewatupa watoto wa paka gatini, na mzazi amkanyaye mwanawe asiwapige mawe.