Lushoto: mapumziko ya milimani na njia za kuyafikia

Lushoto, mji mdogo wa Usambara Magharibi mkoani Tanga, upo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400. Wakati wa utawala wa Wajerumani uliitwa Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaisari Wilhelm II, na ulikuwa makao ya wilaya. Historia yake kama mahali pa mapumziko imefuata historia ya njia za kuufikia.

Sifa yake ya kwanza ilikuwa hewa. Watumishi wa serikali na walowezi waliokaa pwani waliugua malaria mara kwa mara. Robert Koch, aliyechunguza ugonjwa huo katika koloni mwaka 1897 na 1898, aliona kuwa haukuota mizizi sehemu za juu za Usambara. Milima ikahesabiwa kuwa mahali pa kupata nafuu na hata pa kuhamia.

Msafiri kutoka Hamburg alipanda meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, kampuni iliyoundwa mwaka 1890, hadi Tanga. Huko reli ilianza kujengwa mwaka 1893. Kampuni ya ujenzi iliishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ikaichukua kazi hiyo. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Tanga hadi Mombo, karibu kilomita 130, safari ya miguu ya siku kadhaa ikawa ya siku moja. Kutoka Mombo zilibaki kama kilomita 33 za kupanda kwa kona nyingi kupitia Soni.

Reli hiyo ilijengwa hasa kwa ajili ya mashamba ya wazungu, na raha ya wageni wachache iliandamana na hasara ya wenyeji. Washambaa walipoteza ardhi kwa walowezi. Chini ya utaratibu wa kadi za kazi, mwanamume wa wilaya ya Wilhelmstal alilazimika kumfanyia mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Misitu nayo ilikatwa: mierezi ya Shume iliteremshwa hadi Mkumbara kwa njia ya kamba za chuma.

Waingereza waliiteka Usambara mwaka 1916. Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925, na baadhi yao wakalima tena milimani hadi Vita Kuu ya Pili ilipowaondoa. Reli ilifika Arusha mwaka 1929.

Baada ya uhuru, usafiri wa likizo ulihamia angani. Kampuni za ndege za kukodi kama Condor ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1955, zilipeleka watalii moja kwa moja Mombasa, karibu na fukwe. Lushoto, isiyo na uwanja wa ndege kubwa, ikabaki pembeni mwa biashara hiyo.

Katikati ya miaka ya 1990 ulianza mpango wa utalii wa kitamaduni, kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi. Vijana wa Lushoto waliwaongoza wageni kwa miguu hadi Irente, msitu wa Magamba na Mtae, na sehemu ya mapato ikaenda kwenye miradi ya vijiji. Desemba 2019 treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirejea kwenye reli ipitayo Mombo, baada ya zaidi ya miaka 20. Tofauti kubwa na enzi ya Wilhelmstal ni kwamba sasa wenyeji wenyewe ndio wanaoionyesha milima yao, na wana haki ya kufaidika nayo.