Kuvunjika

Kwa kawaida, aliyevunjika moyo amekata tamaa. Walokole, yaani Wakristo wa Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, walilipa neno hilo maana yenye tumaini: kuvunjika ni kiburi kusalimu amri mbele ya Msalaba, ili mtu arudiane na Mungu wake. Katika "kuvunjika" nakipenda kiambishi -ik-, kwa kuwa hakimtaji mtendaji. Wangesema "kujivunja", sifa ingemrudia mtu mwenyewe, na kiburi kingebaki palepale. Aliyevunjika aliungama katika ushirika, akarudisha alichoiba, akapatana na aliyemkosea. Hata wamisionari Wazungu waliungama mbele ya Waafrika, tena katika zama za ukoloni!