Kupiga Picha Mihrabu ya Kizimkazi

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, ukiutazama kwa nje ni jengo la kawaida lenye paa la bati. Utajiri wake uko ndani, kwenye mihrabu, ambako maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, yaliyochongwa kwenye tumbawe yanataja mwezi wa Dhulqaada, mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Msikiti wenyewe ulijengwa upya karne ya 18, kwa hiyo herufi hizo ndizo shahidi mkuu wa ukongwe wake. Ndiyo maana nashikilia kwamba picha makini ya mihrabu hii ni kazi ya hifadhi, wala si pambo la watalii. Mtaalamu wa maandishi ya Kiislamu Samuel Flury alipochapisha uchambuzi wake wa maandishi haya mwaka 1922, alizipima herufi kwa umbo lake, na umbo haliwezi kupatikana katika nakala ya maneno matupu.

Wapo watakaosema msikiti bado unaswaliwa, na kamera ni bughudha. Wana haki. Basi imamu aombwe ruhusa, viatu vibaki mlangoni, na kazi ifanywe baina ya sala. Wengine watauliza, jiwe si lipo, picha ya nini? Lakini tumbawe hulika kwa chumvi na unyevu, na chokaa ikipakwa huziba michongo. Picha nayo yahitaji mwanga unaofaa: flashi ya mbele hufuta vivuli, herufi zikabaki bapa. Taa iwekwe ubavuni, karibu na ukuta, ndipo kila ua na mkia wa herufi huonekana.