Lukuga: mlango wa ziwa uliofungwa kisha ukafunguka

Kila masika yakikaza, wakaaji wa kando ya ziwa mjini Kalemie wanatazama maji kwa wasiwasi. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipanda hadi likaingia ndani ya nyumba, likavunja kuta za matofali mabichi na kufunika njia. Kati ya walioguswa zilikuwamo familia zilizokwisha kukimbia vita vijijini mwao, zikajenga kwenye uwanda wa chini kwa sababu ndipo walipopata nafasi. Swali linalosikika ni lile lile: maji haya yanatoka wapi, na kwa nini hayaendi?

Jibu liko hapa hapa mjini, kwenye mto Lukuga.

Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi. Rusizi inaleta maji ya Ziwa Kivu kutoka kaskazini, Malagarasi inatoka upande wa Tanzania, na vijito visivyohesabika vinashuka milimani. Lakini mto unaotoka ziwani ni mmoja tu, nao ni Lukuga. Unaanzia Kalemie, unakata vilima kuelekea magharibi, unapita upande wa Nyunzu, kisha unaingia Lualaba. Kutoka hapo maji yanafuata mto Kongo mpaka bahari ya Atlantiki.

Hata hivyo Lukuga haichukui maji mengi. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa inapotea kwa jua, ikipanda hewani kama mvuke. Ndiyo maana miaka michache ya mvua nyingi inatosha kuinua ziwa lote, na mto unachelewa kulishusha.

Wazungu wa kwanza kulifikia ziwa hili, Burton na Speke, walifika Ujiji mwaka 1858 na kuondoka bila kujua maji yake yanatokea wapi. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walipiga kasia mpaka kaskazini, wakakuta Rusizi inaingia ziwani, haitoki. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron aliyazunguka maji ya kusini, akafika kwenye mdomo wa Lukuga. Aliona maji yakielekea nje, lakini mbele kidogo matete yalimziba njia, mtumbwi usiweze kupita.

Stanley alirudi mwaka 1876 akapima mwenyewe. Akakuta tope, mafunjo na maji yaliyosimama karibu bila mwendo. Wakati huohuo aliona kwamba ziwa lilikuwa linapanda: miti aliyoiona sokoni Ujiji mwaka 1871 sasa ilikuwa imesimama ndani ya maji. Akasema kwamba Lukuga ni njia ya zamani iliyozibika, na kwamba haitachukua miaka mingi ziwa litafurika na kuifungua.

Ndivyo ilivyotokea. Karibu mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi cha tope na mimea. Hore, mmisionari Mwingereza aliyekaa Ujiji, alifika Lukuga mwaka 1879 akakuta mto wenye nguvu. Mwishoni mwa mwaka huo msafiri Thomson naye aliuona ukikimbia kwa kasi. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka takribani mita 10. Pwani iliyokuwa chini ya maji ikawa nchi kavu, kuanzia Ujiji mpaka Kalemie.

Kwa nini mlango huo ulizibika? Miaka ya ukame ikifuatana, ziwa linashuka chini ya kizingiti cha mto, na Lukuga inakosa maji ya kuisukuma. Vijito vya pembeni vinaendelea kumwaga mchanga na tope ndani ya bonde. Matete na mafunjo yanaota juu yake, mizizi inashika tope, na baada ya muda panakuwa na ukuta. Mvua zikirudi, ziwa linapanda nyuma ya ukuta huo mpaka unashindwa.

Bonde lenyewe lina historia ndefu zaidi. Ziwa Tanganyika limekaa ndani ya ufa mkubwa wa ardhi unaopasua Afrika ya Mashariki. Ardhi ilivutwa pande mbili, katikati ikadidimia kwa mamilioni ya miaka, na kina cha maji leo kinafika karibu mita 1,470. Katika dunia nzima ni Ziwa Baikal la Urusi tu linaloshinda kwa kina. Milima inayoinuka ghafla kando ya maji ni kingo za ufa huo. Kazi hiyo haijaisha. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 6.8 liliangusha nyumba Kalemie na kutikisa nchi za jirani.

Vilima vya bonde la Lukuga vina mawe ya zamani kuliko ziwa lenyewe. Karibu miaka milioni 300 iliyopita nchi hizi zilikuwa mbali kusini, zimefunikwa na barafu. Barafu ilipoyeyuka iliacha mchanganyiko wa udongo na kokoto, na juu yake misitu ya mabwawa ikazikwa ikageuka makaa ya mawe. Wataalamu wa mawe wamelipa tabaka hilo jina la Lukuga. Wakati wa Wabelgiji makaa hayo yalichimbwa si mbali na mji.

Bonde hilo hilo ndilo lililowapa watu njia. Reli kutoka Kabalo ilifuata Lukuga mpaka ziwani, ikafika mwaka 1915, na mji ulioitwa Albertville, leo Kalemie, ukakua pale reli inapokutana na meli. Milima ilifunga kila upande, mto peke yake ulikuwa umekwisha kufungua mlango.

Historia hii inawahusu hasa wanaotafuta mahali pa kujenga leo. Sehemu za chini karibu na mdomo wa Lukuga na kando ya ziwa si nchi kavu ya siku zote. Miaka 150 iliyopita zilikuwa sakafu ya ziwa. Mwaka 1964, baada ya mvua kubwa za miaka kadhaa, maji yalirudi kudai sehemu yake. Mwaka 2024 yalikaribia tena kiwango hicho. Anayechimba msingi akakuta mchanga laini wenye makombe madogo, ajue kwamba ziwa liliwahi kulala hapo, na linaweza kurudi.

Si kila familia ina uwezo wa kuchagua. Aliyefika Kalemie na watoto na godoro moja anajenga anapoonyeshwa. Kwa hiyo neno hili ni pia la machifu, la wakuu wa mitaa na la wale wanaogawa viwanja kwa waliokimbia: wawatafutie watu hao ardhi ya juu, hata kama ni mbali kidogo na samaki na soko. Na udongo usioshikwa na miti kwenye vilima unashuka na mvua mpaka ndani ya Lukuga, kama ulivyoshuka zamani kabla mlango haujafungwa.

Wazee husema maji hayasahau njia yake. Afadhali na watu wasiisahau.