Petroli ya kitambo ilikuwa na siri

Kuna fundi mzee wa gereji hapa Laini Saba huniambia petroli ya kitambo ndiyo ilikuwa petroli. Wasee, hadanganyi. Ilikuwa na risasi (madini, si ya bunduki). Marekani walianza kuiuza 1923 ndio injini isigonge, na pia ilikinga vikalio vya valvu. Kenya ilipoitoa mwisho wa 2005, injini kuukuu zenye vikalio laini ndizo zilikuwa hatarini: ukizikimbiza sana, vikalio vinalika.

Sawa. Lakini hiyo risasi ilitoka na moshi ikaingia kwa damu ya watoto, ikaharibu ubongo. Kikalio fundi hubadilisha.

Algeria ndio walikuwa wa mwisho duniani kuiuzia magari, hadi Julai 2021. Mimi nilizaliwa 2003, kwa hivyo ile hewa niliivuta. Nilimwambia mzee hivyo. Akanyamaza, akarudi chini ya gari.